Laini huuzwa kwa biti, diski kwa baiti: Hesabu ya kupiga kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayekodi laini ya data ya megabiti 10 kwa sekunde hapati megabaiti 10 kwa sekunde. Anapata megabaiti 1.25, tena hiyo ni kabla ya makato ya njiani. Tofauti hiyo ya mara nane ndiyo inayofanya mikataba mingi ya mawasiliano ionekane minono siku ya kutia saini na kuwa myembamba siku ya kazi.

Kiini cha tatizo ni kwamba kampuni za simu na watengenezaji wa diski hutumia vipimo viwili kueleza jambo moja. Kampuni za simu hupima kasi kwa biti. Watengenezaji wa diski, kanda na vifaa vingine vya kuhifadhia kumbukumbu wamezoea kupima kwa baiti. Biti ni tarakimu moja tu, ama 0 ama 1. Baiti ni fungu la biti 8, na hutosha kuandika herufi moja ya kawaida.

Katika vipeperushi vya bei tofauti hiyo hubebwa na ukubwa wa herufi moja: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Hivyo Mb/s na MB/s ni vitu viwili, na cha pili ni kikubwa mara nane kuliko cha kwanza. Mchapaji akikosea herufi, au msomaji akipita haraka, hesabu nzima ya mradi hupinda.

Mfano wa duka la vipuri

Chukua mfano wa duka la jumla la vipuri lenye ghala Dar es Salaam na tawi Mwanza. Kumbukumbu zake za mauzo, bidhaa na wadeni zimefikia gigabaiti 40. Mwenye duka anataka nakala ya akiba ipelekwe Mwanza kila usiku, kuanzia saa 2 baada ya kufunga hesabu hadi saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 10. Anaambiwa laini ya megabiti 10 inatosha.

Akisoma megabiti kama megabaiti, atagawa megabaiti 40,000 kwa 10 na kupata sekunde 4,000, yaani saa 1 na dakika 7. Ataona amenunua laini kubwa kupita mahitaji yake.

Hesabu sahihi ni hii. Gigabaiti 40 mara 8 ni gigabiti 320, sawa na megabiti 320,000. Gawa kwa 10, unapata sekunde 32,000, ambazo ni saa 8 na dakika 53. Ukikata asilimia 10 kwa ajili ya matumizi ya mtandao wenyewe, laini inabaki na megabiti 9 za kubeba mzigo, na kazi itachukua saa 9 na dakika 53. Usiku wa saa 10 umebakiwa na dakika 7. Kumbukumbu zikikua kidogo tu, nakala itakuwa haijaisha wafanyakazi wanapofungua duka.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa laini ni ya aina inayoshusha kwa kasi kubwa na kupandisha kwa kasi ndogo, kama zilivyo laini nyingi zilizokusudiwa kwa nyumbani. Ikiwa megabiti 10 ni za kushusha na za kupandisha ni 2 tu, nakala hiyo ya kutoka Dar es Salaam itachukua saa 44 na dakika 27. Nakala ya Jumatatu usiku itafika Jumatano jioni, wakati ya Jumanne haijapata nafasi.

Dawa yake ya kwanza si lazima iwe kununua laini kubwa zaidi. Programu za kutunza nakala zina uwezo wa kupeleka yale tu yaliyobadilika tangu jana. Duka likibadilisha gigabaiti 2 kwa siku, laini ya megabiti 10 itazimaliza kwa chini ya nusu saa. Hata hivyo, nakala ya kwanza lazima iwe kamili, na siku ya janga, kumbukumbu zote lazima zirudi. Mwenye duka ajiulize anaweza kusubiri saa ngapi siku hiyo.

Chanzo cha vipimo viwili

Vipimo hivi havikutungwa ili kumpunja mnunuzi. Kila kimoja kilitokana na kazi ya watu waliokianzisha.

Watu wa simu walianza na sauti. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alibuni njia ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Katika mfumo uliokuja kutumika duniani, sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Ndiyo maana njia moja ya simu ni kilobiti 64 kwa sekunde. Biti hizo hupita kwenye waya moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba, na mtu wa simu huhesabu kila anayepita.

Kutokana na njia hiyo moja yalijengwa mafungu makubwa. Marekani ilifunga njia 24 pamoja na kuziita T1, zilizoanza kazi mwaka 1962, kwa jumla ya megabiti 1.544. Ulaya ilifunga njia 32 na kuziita E1, megabiti 2.048. Afrika Mashariki ilifuata E1. Ikumbukwe kuwa katika njia hizo 32, moja hutumika kupanga mwendo na kwa kawaida nyingine hubeba ishara za kupiga na kukata simu. Ndiyo maana E1 hubeba mazungumzo 30. Inapobeba data, zinazobaki kwa mteja mara nyingi ni njia 31, yaani megabiti 1.984 au kilobaiti 248 kwa sekunde. Aliyeuziwa "megabiti 2" ameshapungukiwa kabla hajaanza.

Watu wa kompyuta waliona mambo kwa namna nyingine. Tangu mitambo ya IBM System/360 ya mwaka 1964, baiti ya biti 8 ndiyo ikawa kipimo cha kawaida. Diski ziliunganishwa na kompyuta kwa kebo pana zenye nyaya nyingi sambamba. Katika kebo yenye nyaya 8 za data, kila pigo la saa ya mtambo hupitisha biti 8 kwa mkupuo, yaani baiti moja. Mtengenezaji hakuwa na sababu ya kuhesabu biti mojamoja.

Mfano mzuri ni SCSI, ambayo mafundi huitamka "skazi". Kanuni yake ilipitishwa Marekani mwaka 1986. Kwa nyaya 8 na mapigo milioni 5 kwa sekunde, kasi yake ilikuwa megabaiti 5. Mapigo yalipoongezwa hadi milioni 10, ikawa 10. Nyaya zilipoongezwa kutoka 8 hadi 16, ikawa 20. Ngazi zilizofuata zilizidisha mara mbili kila hatua: 40, 80, 160 na mwisho 320.

Ngazi mbili zikiwekwa pamoja

Mitandao ya simu nayo ilipanda ngazi, lakini kwa kuzidisha mara nne. Mfumo wa SDH, uliowekewa kanuni za kimataifa mwaka 1988, huanza na fungu liitwalo STM-1 lenye megabiti 155.52. Linalofuata ni STM-4, kisha STM-16 na STM-64. Namba inayofuata herufi huonyesha ni mara ngapi ya fungu la kwanza.

Ukigawa kwa 8 na kuziweka ngazi hizo sambamba na za diski, picha inakuwa hivi:

E1: megabiti 2.048, sawa na megabaiti 0.256. Inalingana na visoma-diski laini vinne vya zamani, ambavyo kila kimoja kilisoma kilobiti 500 kwa sekunde.

E3: megabiti 34.368, sawa na megabaiti 4.296. Iko karibu na SCSI ya mwaka 1986 yenye megabaiti 5.

STM-1: megabiti 155.52, sawa na megabaiti 19.44. Iko karibu na SCSI ya megabaiti 20.

STM-4: megabiti 622.08, sawa na megabaiti 77.76. Iko karibu na SCSI ya megabaiti 80.

STM-16: megabiti 2,488.32, sawa na megabaiti 311.04. Iko karibu na SCSI ya megabaiti 320.

STM-64: megabiti 9,953.28, sawa na megabaiti 1,244.16. Hakuna SCSI ya nyaya sambamba iliyowahi kufika hapo.

Kukaribiana huko hakukupangwa na mtu, lakini kunamsaidia mnunuzi kukumbuka. Kunaonyesha pia kwamba laini ambayo kampuni ya simu iliiona kubwa sana, kama STM-1, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo fungu la kawaida la kuuzia uwezo wa mikongo ya baharini kwa jumla, haikuzidi kebo moja ya diski ndani ya kompyuta. Tofauti ni kwamba kebo ya SCSI ilikomea mita chache, na zile bora zaidi 12 au 25, wakati mkongo huvuka bahari.

Gawa kwa 8 au kwa 10?

Kanuni ya kugawa kwa 8 ni sahihi kwa laini nyingi, lakini si kwa vifaa vyote. Hapa ndipo hata mafundi hukosana.

Viunganishi vipya vya diski viliacha nyaya sambamba na kurudi kwenye mtindo wa simu wa biti moja nyuma ya nyingine. SATA ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2003, inaandikwa gigabiti 1.5 kwa sekunde. Ukigawa kwa 8 utapata megabaiti 187.5, lakini kasi yake halisi ya juu ni 150. Sababu ni kwamba ili mtambo unaopokea usipoteze hesabu ya mapigo, kila biti 8 za mteja hugeuzwa kuwa biti 10 zinapoingia kwenye waya. Biti 2 ni gharama ya usafiri. Kwa hiyo SATA hugawanywa kwa 10: gigabiti 1.5 ni megabaiti 150, 3 ni 300 na 6 ni 600.

Modemu za zamani zilizounganishwa kwa waya wa kawaida wa kompyuta zina hesabu hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Kila baiti ilitanguliwa na biti moja ya kuanza na kufungwa na biti moja ya kumaliza. Hivyo waya wa biti 9,600 ulipitisha herufi 960 kwa sekunde, si 1,200.

Mitandao ya ofisini ya Etheneti nayo ni tofauti. Etheneti ya gigabiti 1 hutumia mtindo huo wa 8 kuwa 10 kwenye nyuzi za kioo, lakini jina lake limeandikwa baada ya kutoa gharama hiyo. Kwenye waya kwenyewe hupita gigabiti 1.25. Kwa hiyo Etheneti hugawanywa kwa 8, na gigabiti 1 ni megabaiti 125.

Kwa ufupi, mnunuzi aulize kama namba iliyoandikwa ni ya waya au ni ya mzigo. Ikiwa ni ya laini ya simu au Etheneti, agawe kwa 8. Ikiwa ni ya SATA au waya wa modemu, agawe kwa 10.

Kilo ya 1,000 na kilo ya 1,024

Mtego mwingine ni maana ya kilo. Kampuni za simu hazina utata: kilobiti ni biti 1,000 na megabiti ni biti 1,000,000. Watengenezaji wa diski pia huhesabu kwa 1,000. Lakini programu nyingi za kompyuta, ikiwemo Windows, huhesabu kwa 1,024 na bado huandika jina lile lile la gigabaiti.

Ndiyo maana diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana kwenye kompyuta kama 465, na ya terabaiti 1 huonekana kama gigabaiti 931. Hakuna kilichoibwa, ni mzani tofauti. Hata hivyo, wanunuzi wa Marekani walilifikisha jambo hilo mahakamani. Western Digital ilimaliza kesi yake kwa mapatano mwaka 2006 na Seagate mwaka 2007, bila kukiri kosa. Mapema zaidi, mwaka 1998, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilipitisha majina mapya kama kibibaiti na mebibaiti kwa hesabu ya 1,024, lakini madukani majina hayo hayakushika.

Kichekesho zaidi ni diski laini ya "megabaiti 1.44". Ndani yake mna baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024. Megabaiti yake haikuwa ya 1,000 mara 1,000 wala ya 1,024 mara 1,024, bali mchanganyiko wa mizani miwili.

Kwa hesabu za usafirishaji, tofauti hiyo ni karibu asilimia 5 kwenye mega na asilimia 7 kwenye giga. Si kubwa kama ile ya mara nane, lakini kwa duka letu la vipuri inatosha kumaliza zile dakika 7 za akiba. Ikiwa zile gigabaiti 40 zilisomwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa hesabu ya diski ni karibu 43, na usiku wa saa 10 hautoshi tena.

Bahasha na stakabadhi

Data haisafiri ikiwa uchi. Hukatwa vipande, na kila kipande hutiwa kwenye bahasha yenye anwani. Katika Etheneti ya kawaida, kipande cha baiti 1,460 za mteja huchukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, kwa hiyo mteja hubaki na karibu asilimia 95. Laini ya gigabiti 1 haitoi megabaiti 125 bali kama 118. Ofisi inayofunga data yake kwa siri kabla ya kuisafirisha hulipa bahasha ya pili. Kukata asilimia 10 katika makadirio ni busara.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni umbali. Kanuni ya TCP, inayosimamia usafirishaji mwingi wa data, hufanya kazi kama muuzaji wa jumla anayetoa mzigo kwa mkopo hadi kiwango fulani, kisha akasubiri stakabadhi ndipo atoe mwingine. Katika sura yake ya awali, kiwango hicho hakizidi baiti 65,535. Stakabadhi ikichelewa, gari husimama hata kama barabara ni tupu.

Setilaiti za mawasiliano za kimo kikubwa ziko kilometa 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi kwa stakabadhi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Ikiwa ni sekunde 0.6, usafirishaji mmoja hauwezi kuzidi baiti 109,000 kwa sekunde, au megabiti 0.87. Mteja aliyekodi megabiti 2 na aliyekodi 10 wangeona kasi ile ile kwenye faili moja. Hali hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwakabili wengi katika ukanda huu kabla ya mkongo wa SEACOM kuzinduliwa Julai 2009 ukitia nanga Dar es Salaam na Mombasa, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010.

Mwaka 1992 kanuni hiyo ilipata nyongeza inayoruhusu mkopo mkubwa zaidi, na mitambo ya leo huitumia. Lakini kompyuta na vifaa vya zamani vinaweza kuwa bado vinafuata kiwango cha awali. Kwa safari ya kati ya Dar es Salaam na Mwanza, ambako stakabadhi ikirudi kwa sekunde 0.02 kikomo ni zaidi ya megabiti 26, laini ya 10 haiguswi. Kwa nakala inayopelekwa Ulaya, ambako stakabadhi ikichukua sekunde 0.2 kikomo hushuka hadi megabiti 2.6, mteja atalipia uwezo asioutumia.

Mitumba na viunganishi vya zamani

Kompyuta nyingi kubwa zinazonunuliwa na biashara ndogo ni za mitumba kutoka Ulaya na kwingineko. Si jambo baya, mradi mnunuzi ajue kiunganishi kilichomo.

La kwanza, kasi ya kiunganishi si kasi ya diski. SCSI iliyoandikwa 320 ina maana kwamba kebo inaweza kupitisha megabaiti 320. Diski moja ya enzi hizo haikuweza kuzitoa. Aidha, kebo hiyo ni njia ya pamoja. Diski nne, kila moja ikitoa megabaiti 60, zitagawana kebo hiyo bila shida kwa sababu jumla ni 240, lakini zikiwekwa kwenye kebo ya 160 zitasongamana.

La pili, USB. USB ya zamani ni megabiti 12, yaani megabaiti 1.5. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, inafika megabiti 480, yaani megabaiti 60 kwa karatasi na mara nyingi 30 hadi 40 kwa vitendo. Tatizo ni kwamba kanuni ya USB 2.0 iliruhusu ndani yake pia ile kasi ya zamani ya megabiti 12, ambayo kwa Kiingereza huitwa "kasi kamili", wakati ya 480 huitwa "kasi ya juu". Kifaa kinaweza kuandikwa USB 2.0 kihalali na bado kikawa cha megabiti 12. Kunakili gigabaiti 40 kwa kifaa hicho huchukua zaidi ya saa 7 hata bila makato.

La tatu, kanda. Kanda za LTO za kizazi cha tatu hubeba gigabaiti 400 na huandika megabaiti 80 kwa sekunde. Kwenye boksi huandikwa gigabaiti 800, kwa kudhani kwamba data itabanwa hadi nusu, jambo lisilotokea kwa picha na faili zilizokwisha kubanwa. Baya zaidi, mtambo wa kanda hautaki kusubiri. Ukiulisha kwa laini ya megabiti 100, yenye megabaiti 12.5, utakuwa ukisimama, kurudi nyuma na kuanza tena, jambo linalochosha kanda na mashine. Mafundi hushauri data itue kwanza kwenye diski, kisha iandikwe kwenye kanda kwa mkupuo.

Kanuni inayotawala yote haya ni kwamba safari nzima huenda kwa kasi ya kipande chake cha polepole zaidi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwenye laini ya megabiti 10 hafaidiki kwa kubadilisha diski ya megabaiti 80 kwa ya 500. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye laini. Naye mwenye laini ya gigabiti 1 inayomwaga data kwenye diski ya USB ya zamani analipia maji yanayomwagika nje ya ndoo.

Kwa mwenye hisa

Hesabu hizi hazimhusu mnunuzi wa laini peke yake. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa Sh. 850, maelfu ya wawekezaji wadogo walikuwa wenye mali katika biashara ya kuuza data. Taarifa za kampuni za simu hutaja uwezo wa mitambo kwa gigabiti kwa sekunde na matumizi ya wateja kwa gigabaiti, terabaiti au petabaiti kwa mwezi au robo mwaka. Asiyejua kubadilisha hawezi kulinganisha uwezo na mauzo.

Namba mbili zinatosha. Ya kwanza: laini ya megabiti 1 kwa sekunde ikifanya kazi bila kupumzika kwa siku 30 hubeba gigabaiti 324. Ya pili: petabaiti 1 kwa mwezi ni sawa na mtiririko wa wastani wa karibu gigabiti 3.1 kwa sekunde. Kampuni ikisema wateja wake wametumia petabaiti 30 kwa mwezi, wastani ni gigabiti 93. Kwa kuwa wateja hawatumii sawa usiku wa manane na jioni, mitambo lazima iwe na uwezo unaouzidi wastani huo kwa mbali. Mwekezaji akiona matumizi yanakaribia uwezo, ajue gharama za upanuzi ziko njiani, na huenda gawio likaguswa.

Mikongo nayo hupimika hivyo hivyo. SEACOM ilitangazwa kwa uwezo wa terabiti 1.28, sawa na gigabaiti 160 kwa sekunde au mafungu ya STM-1 zaidi ya 8,000.

Namba ya 324 humsaidia pia mfanyabiashara kuchagua kati ya laini ya mwezi na vifurushi. Kwa bei za mfano tu, laini ya megabiti 10 ikiwa Sh. 300,000 kwa mwezi, uwezo wake wa juu ni gigabaiti 3,240. Ikitumika saa 8 kwa siku, tena nusu ya uwezo, ni gigabaiti 540, na kila moja imegharimu Sh. 556. Ikiwa kifurushi ni Sh. 2,000 kwa gigabaiti, laini inaanza kuwa nafuu matumizi yakipita gigabaiti 150 kwa mwezi. Anayetumia 60 hana haja nayo.

Diski ndani ya basi

Wakati mwingine njia bora si laini hata kidogo. Diski ya terabaiti 1 ikipakiwa kwenye basi la Mwanza na safari ikachukua saa 18, kasi ya usafirishaji ni megabiti 123 kwa sekunde, mara 12 ya laini ya megabiti 10. Laini hiyo ingehitaji zaidi ya siku 9. Kwa ile nakala ya kwanza kamili, tiketi ya mfanyakazi mwaminifu inaweza kuwa nafuu kuliko kupanua laini, mradi data imefungwa kwa siri na nakala nyingine imebaki ghalani.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi wa laini adai majibu ya maandishi kwa maswali haya: namba ni ya biti au ya baiti, ni ya kushusha tu au ya pande zote mbili, ni ya uhakika au inagawanywa na wateja wengine, na wangapi, na fidia ni nini kasi ikishuka. Muuzaji wa mtambo wa mitumba naye aulizwe kiunganishi ni kipi, diski yenyewe inatoa megabaiti ngapi, na ajaribu kunakili faili kubwa mbele ya mnunuzi huku saa ikisomwa. Faili ya gigabaiti 4 ikichukua sekunde 100, mtambo unatoa megabaiti 40, hata kama kibandiko kimeandikwa 320. Namba hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye daftari, na ndiyo ya kupatania bei.